Nna kigugumizi na nataka kusomea tiba ya usemi, nyumbani wananiona nimechanganyikiwa

BARUA

Assalaam aleikum Shangazi,

Natumai u mzima wa afya. Mie ni msichana wa miaka 19, natokea Wete, Pemba, nimemaliza fomu siksi mwaka huu kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na matokeo alhamdulillah ni mazuri, si ya kutangazwa redioni lakini ya kuingilia chuo kikuu yananitosha. Naandika maana kwetu sa hivi hapakaliki, kila akija mgeni naitwa sebuleni nisemwe mbele yake, ati mtoto huyu kaingiwa na nini.

Iko hivi Shangazi. Nna kigugumizi tokea mdogo. Si kile cha kukwama mara moja moja, kuna siku nakwama mpaka ninaezungumza nae anageuza uso anaangalia pembeni kwa kunionea huruma, na hio huruma yake ndo inanimaliza zaidi. Herufi m ndo inanitesa khasa na jina langu linaanzia na m, sasa mtu akiniuliza tu unaitwa nani basi nishakwama, wengine wanacheka wanasema kwani umesahau jina lako? Nikitumwa mkate dukani nasema naomba boflo. Nshazoea kuzunguka, kila neno lenye m nna jengine nimeliweka pembeni.

Lakini kitu kimoja sikielewi mpaka leo. Kwenye maulidi nikisoma qasida na wenzangu sikwami, hata kidogo, ustadhi alikuwa ananiweka mstari wa mbele kwa ajili ya sauti yangu. Tukimaliza tu nikitaka kuomba maji, nakwama kwenye maji.

Sasa nilipokuwa fomu faivu binamu yangu wa Dar alinirushia video ya wataalamu wa spichi therapi, watu waliosomea chuo kikuu kabisa kuwasaidia wenye kigugumizi na watoto wasiosema na waliopata kiharusi. Shangazi nililia, nilikuwa sijui kama kuna kazi ya namna hii duniani. Tokea siku hio nasoma kila ninachokipata kwenye simu na moyo wangu haujahama.

Baba anataka nisomee udaktari SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, anasema Unguja kuna ami yangu nitakaa kwake, mkopo utapatikana, na nikimaliza kila mtu anajua daktari ni nani. Mie nimemwambia nataka tiba ya usemi. Ami ndo akaniumiza, kasema mbele ya watu, mtu akasomee kusema? Kwani sisi nani alitufundisha kusema? Halafu akamalizia, na wewe mwenyewe husemi ukaeleweka, utamfundisha nani? Watu wakacheka. Mama hakucheka lakini hakusema kitu.

Naomba uniambie ukweli hata kama mchungu. Mwenye kigugumizi anaruhusiwa kusomea fani hii? Inasomwa wapi na ndani yake mna nini? Kazi ipo huku kwetu au ntarudi kukaa barazani na shahada? Na baba nimwambie vipi bila ya kumvunjia heshima?

Na dogo la mwisho, mtoto wa dada yangu ana miaka miwili na nusu hajasema neno lolote, bibi anasema ana udata, yaani ulimi umeshikwa kwa chini, akatwe, ikishindikana akatwe na kimeo. Dada anataka kumpeleka. Ni sawa?

Wako, Mwenye ulimi mzito, Wete


JIBU LA SHANGAZI

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikairudia, na ntakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza mambo ambayo watoto wengi wa kwetu wangeuliza lau wangejua kama fani hii ipo.

Nianze na maneno ya ami yako maana najua ndo yaliyokuchoma. Kasema mwenye kigugumizi hawezi kumsaidia mtu kusema. Si kweli, na historia ya fani yenyewe inamkatalia. Huko Marekani miaka ya 1930, fani ikiwa bado changa, miongoni mwa walioijenga walikuwa wenye kigugumizi wenyewe. Charles Van Riper aliyezaliwa 1905 alikuwa anakwama vibaya sana ujanani mwake, na mwaka 1936 akaanzisha kliniki ya usemi kwenye chuo ambacho leo kinaitwa Western Michigan University, akatibu na akafundisha, na njia zake za kumsaidia mwenye kigugumizi wanafunzi wanazisoma mpaka hii leo. Wendell Johnson wa chuo kikuu cha Iowa nae vile vile, alikuwa na kigugumizi na akawa katika watafiti wakubwa wa kigugumizi wa zama zake. Hawa hawakusubiri ulimi unyooke kwanza ndo waende darasani. Na ami akitaka ya dini mkumbushe kwa adabu, Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni aliomba afunguliwe fundo la ulimi wake wapate kufahamu maneno yake, imo Surat Taha, dua ambayo nina hakika ami mwenyewe anaisoma kabla ya kutoa hotuba. Na ujumbe ukafika.

Hilo la qasida ni la kweli na si wewe peke yako. Wenye kigugumizi wengi sana wakisoma pamoja na wengine kwa mpigo mmoja, au wakiimba, kigugumizi kinapotea pale pale na kinarudi wakianza kusema peke yao. Wataalamu wanalijua hili siku nyingi na wamelifanyia utafiti mwingi, maelezo yanayotajwa sana ni kwamba ubongo wa mwenye kigugumizi unapata taabu kupanga saa ya kuitoa kila sauti, sasa anapokuwa na wenzake ile sauti yao inampa mpigo wa nje wa kuufuata. Yaani ulimi wako hauna ubovu wowote. Kigugumizi si woga na si upungufu wa akili, mara nyingi kinatembea katika familia, woga unakiongeza tu lakini haukileti. Watoto wadogo kama 5 katika kila 100 wanapitia kipindi cha kigugumizi na wengi wao kinaondoka, kwa watu wazima kinabaki kwa kama mtu 1 katika 100. Pemba kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya laki tano, hebu piga hesabu mwenyewe uone wangapi wanaagizwa mkate wakaomba boflo.

Hata hivyo umetaka ukweli, basi ukweli ni kwamba masomo yatakubana pale pale unapokwama. Kuna mitihani ya mdomo, kuna kusimama mbele ya darasa kuwasilisha, kuna siku mzee wa watu anakusubiri wewe umwambie hali ya mwanawe na neno halitoki. Ushauri ambao wataalamu wa kigugumizi wenyewe wanautoa ni kulisema mapema, wiki ya kwanza unakwenda kwa mwalimu wa kozi unamwambia mie nna kigugumizi, nikikwama naomba mnisubiri msinimalizie neno. Na mgonjwa vile vile mwambie. Ukishalisema wewe mwenyewe ile nguvu unayoitumia kuficha unaipata kwa kazi nyengine, na kuzunguka maneno kunachosha kuliko kukwama, hilo wewe unalijua kuliko mie. Usiache pia kujitafutia tiba wewe mwenyewe ukifika chuoni, utakuwa karibu na wanaoijua.

Sasa fani yenyewe, maana nataka uingie ukiijua, usiingie kwa machozi ya video tu. Watu wanadhani ni kumfundisha mtoto aseme mama, baba. Utasoma anatomia ya kichwa na shingo mpaka uijue zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, na nyuzi za sauti kama unavyoijua nyumba yenu, utasoma zile jozi 12 za mishipa ya fahamu inayotoka moja kwa moja kwenye ubongo, fiziolojia, saikolojia, makuzi ya mtoto, usikivu na masikio, utafiti na takwimu. Juu ya yote hayo kuna isimu, elimu ya lugha, na fonetiki, elimu ya sauti za lugha, na nyinyi wa PCB hapo ndo huwa mnashtuka, manake mmezoea hesabu na maabara halafu mnaletewa vitenzi na irabu, msipozitilia maanani mnapata sapu kwenye somo mlilolidharau.

Nikupe mfano wa kazi inavyokwenda. Unaletewa rekodi ya mtoto anasema tutu badala ya kuku, tiatu badala ya kiatu, dari badala ya gari. Nyumbani wanasema hajui kusema. Wewe kazi yako ni kuandika kila sauti aliyoitoa kwa alfabeti ya kimataifa ya fonetiki, sauti kwa sauti, halafu unaangalia, na unagundua mtoto hakosei ovyo hata kidogo, ana kanuni yake anaifuata kwa uaminifu, kila sauti inayotoka nyuma ya mdomo yeye anaileta mbele. K inakuwa t, g inakuwa d. Ukishaiona kanuni ndo unajua uanzie wapi, unakaa nae na kioo aone ulimi wake unavyopanda mbele, unamtafutia maneno yatakayomuonesha kwamba sauti mbili hizi zinaleta maana mbili. Mie naona hii ni akili ya hali ya juu kabisa na si mchezo wa watoto.

Na sehemu kubwa ya kazi haihusu kusema kabisa. Nilimuuguza mama mkwe wangu kiharusi kilipompata, tukawa nae hospitali moja bara, na pale wodini nikamuona mtaalamu wa usemi akifanya kazi yake. Jamaa wa mgonjwa wa kitanda cha pili walikuja na chupa ya uji wanataka kumnywesha mgonjwa wao kalala vile vile chali. Yule dada akawazuia kwa upole, akakiinua kitanda mgonjwa akae wima, akamuwekea vidole viwili vitatu kooni, akampa maji kijiko kidogo cha chai, akasubiri mpaka koo lipande chini ya vidole vyake. Halafu akamwambia sema aaa, akainamisha kichwa kusikiliza. Sauti ilitoka ya majimaji. Basi akaagiza maji mepesi yasitolewe kwanza, uji mzito, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe mara baada ya kula. Manake chakula au maji yakipitia njia ya hewa yanaingia mapafuni, na mgonjwa wa kiharusi anaweza akanusurika na kiharusi akaja kufa kwa nimonia. Hii ni kazi yao hao hao, kuangalia kumeza. Muulize ami yako hilo nalo nani alitufundisha.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa anaisoma Alhamdu mwanzo mpaka mwisho bila ya kutetereka, lakini akitaka mto anyooshewe haliji neno, anakuangalia tu machozi yanamlengalenga. Watu wakasema amepagawa. Yule dada akatueleza kwamba maneno yaliyohifadhiwa tokea utotoni ubongo unayatoa kwa njia nyengine na yale unayoyatunga papo hapo, na mara nyingi kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo kinaharibu haya ya pili na kuyaacha ya kwanza. Daktari Paul Broca wa Paris ndie aliyeonesha mwaka 1861 kwamba kuna sehemu ya ubongo inayohusika na kutoa maneno, alikuwa na mgonjwa aliyeweza kutamka karibu silabi moja tu, tan, na alipofariki wakaikuta sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto imeharibika. Utamsoma huyo mwaka wa kwanza tu.

Nakuja kwenye jambo ambalo kwangu mie ndo sababu kubwa ya kukwambia nenda. Vipimo vingi vya fani hii vimetungwa kwa Kiingereza, kwa watoto wa Kiingereza. Huwezi kukichukua ukakitafsiri ukampimia mtoto wa Konde. Angalia tu hili, huko kwao njia moja ya kupima lugha ya mtoto ni kuhesabu anaunganisha maneno mangapi. Sasa mtoto wetu akisema nitakupikia, hilo ni neno moja, lakini ndani yake mna anaepika, mna wakati ujao, mna anaepikiwa, na mna ile i ya kupikia inayoonesha ni kwa ajili ya mtu. Mwengereza hapo atatumia maneno matano. Ukihesabu maneno tu utamuandika mtoto mzima kwamba kachelewa, na utampitisha mwengine aliechelewa kweli kwa kuwa hukuangalia viambishi vyake kama vipo. Ngeli nazo hivyo hivyo, unatakiwa ujue mtoto wa Kiswahili anaanza lini kusema kiti changu na viti vyangu bila kuchanganya, na sauti kama r na gh zinamkawilia kiasi gani kabla hujaanza kushtuka.

Halafu kuna la kwetu wenyewe. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Mtoto wa Micheweni anaesema Kipemba cha kwao, kapelekwa kwa mtaalamu aliesomea Kiswahili cha vitabuni tu, anaweza akaandikiwa ana tatizo la lugha wakati anasema sawasawa na bibi yake. Mtoto wa Makunduchi au Tumbatu pia. Wewe utamsikiliza dakika mbili utajua hiki ni Kipemba na hiki ni kosa. Hakuna chuo cha London wala cha Chicago kitakachokupa sikio hilo, umezaliwa nalo Wete, na fani inalihitaji mno. Kwa kweli naona uchungu nikifikiria watoto wetu wanapimwa kwa lugha si yao.

Pa kusoma. Karibu kabisa ni chuo kikuu cha Muhimbili, MUHAS, Dar, wana shahada ya kwanza inayounganisha usikivu na patholojia ya usemi na lugha, na PCB yako ndo inayotakiwa, alama ngapi kwa kila somo angalia mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu usitegemee wa mwaka juzi. Kuunganishwa kwa masikio na usemi mie naona kunafaa kwa mazingira yetu, utatoka unajua kumpima mtoto usikivu na kumsaidia lugha. Makerere, Kampala, walianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008 na wamesomesha watu wa Afrika Mashariki. Afrika Kusini vyuo kadhaa vinatoa, ni miaka minne halafu mwaka wa kuitumikia jamii, lakini gharama yake ipime vizuri. India kuna taasisi kubwa ya serikali Mysore ya usemi na usikivu, ipo tokea miaka ya 1960, nako ni miaka minne ukijumlisha na ile ya kufanya kazi chini ya usimamizi.

Tahadhari moja, ukipata ofa ya Marekani soma vizuri. Kule shahada ya kwanza ya fani hii haikupi ruhusa ya kutibu, lazima uendelee mpaka shahada ya uzamili, wengine wanakwenda miaka minne wanarudi hawana leseni. Na popote nje ya nchi kabla hujalipa hata shilingi pita TCU wakuthibitishie chuo na kozi inatambulika.

Ushauri wangu kwako wewe, Muhimbili chaguo la kwanza. Utafanya fildi kwenye hospitali zetu kwa Kiswahili, na kwa mama itakuwa nyepesi, boti ya asubuhi mpaka Unguja na nyengine mpaka Dar.

Kazi sasa. Sitokudanganya, hakuna ofisi Wete yenye mlango umeandikwa jina lako. Wataalamu hawa kwetu ni wa kutafuta kwa tochi, na hilo lina pande mbili, haja ni kubwa lakini nafasi za serikali zinakwenda kwa ikama, ile orodha ya nafasi zilizoidhinishwa, na pengine ikama haijaandikwa bado. Utaweza kuanza hospitali ya rufaa, au kwenye skuli za elimu mjumuisho, au kwenye miradi ya watoto wenye ulemavu, mtindio wa ubongo, usonji, mdomo sungura baada ya operesheni, au kwa watu binafsi wanaotibu majumbani. Pengine miaka ya mwanzo itabidi ukae Dar au Unguja ndo uje Pemba. Kama unataka uhakika wa kupangiwa kituo upesi, udaktari unakushinda hapo, na baba yako katika hilo hakukosea.

Na ndo pa kuanzia nae. Baba yako anaona mtoto mwenye alama nzuri anaiacha njia anayoijua anakwenda kwenye kitu asichowahi kukiona, mzazi gani hatoshtuka? Usibishane nae sebuleni mbele ya wageni, hata ukiwa na haki utakuwa umemfedhehesha. Muombe mama azungumze nae wakiwa wawili, ule ukimya wake naona una kitu, hakucheka wakati wote walicheka. Halafu muombe baba kwa heshima akupeleke hospitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee mkaonane na daktari wa masikio au mtu wa fiziotherapi, na mumuulize mbele yake, wagonjwa wa kiharusi na watoto wasiosema mnawapeleka kwa nani? Acha jibu alisikie kwa daktari, maana neno la daktari ndo analoliheshimu. Mpelekee na karatasi ya mkopo pia, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ina vipaumbele vyake kila mwaka, visome muone tiba za namna hii zimewekwa wapi, wazazi wengi ugomvi wao wa kweli ni ada na bumu lakini wanaona haya kusema.

Usijaze kwa siri. Jaza mbele yake, na ukitaka kumpa moyo weka tiba ya usemi kwanza na udaktari chini yake. Ukiipata ya kwanza kwa radhi yake, heri. Ukiangukia udaktari hujapotea, madaktari wa masikio, pua na koo wanafanya kazi bega kwa bega na watu wa usemi. Ami yako muache kwanza, mdogo mtu atafuata akiona kaka mtu kakubali.

Na mtoto wa dada yako. Hapana, asikatwe kitu. Udata unaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, lakini mtoto kufika miaka miwili na nusu bila neno hata moja hakuletwi na udata, na kimeo ndo kabisa hakihusiani na kusema, kukikata kienyeji kunaleta kutokwa na damu nyingi na maambukizi na watoto wanakufa kwa hilo. Mtoto kwa kawaida anapata neno la kwanza kama na mwaka mmoja, akifika miaka miwili anaunganisha mawili, maji baridi, baba kaja. Huyu kashapitiliza, kwa hiyo na wale wanaosema watoto wa kiume huchelewa subirini nao msiwasikilize.

Kitu cha kwanza ni masikio. Nendeni Chake Chake au Abdalla Mzee mkaombe rufaa ya kupimwa usikivu, hata kama mnaona anasikia, maana mtoto anaweza kusikia mlango ukigongwa na asisikie sauti nyembamba za maneno. Daktari atataka kujua akiitwa jina anageuka? Ananyoosha kidole kuonesha kitu anachokitaka? Anakuangalia machoni? Dada yako ayaangalie hayo siku mbili tatu na ayaandike, na aandike pia kama alizaliwa kwa taabu, kama alipata manjano au homa ya uti wa mgongo. Wakati mnasubiri tarehe, simu apunguziwe, na dada azungumze nae kila wanachokifanya, tunaosha mchele, mchele mweupe, maji yamemwagika, maneno mafupi, amsubiri na yeye ajibu kwa vyovyote awezavyo, hata kwa kidole, na akijibu amfurahie.